Kiti cha Safari: Juu ya Samani Chache, Nyumba, na Kichwa cha Mpagazi

Historia ya samani huandikwa kwa kawaida na watu wa makumbusho na wa vyuo vya usanifu, nasi watu wa lugha tumewaachia uwanja huo bila ubishi. Hata hivyo kipo kiti kimoja, maarufu sana katika Ulaya ya Kaskazini, ambacho kina haki ya kutuvuta, kwa kuwa jina lake ni letu. Kiti hicho huitwa kwa Kidenmark Safaristol, yaani kiti cha safari. Kilibuniwa mwaka 1933 na Kaare Klint (1888-1954), msanifu aliyeanzisha mafunzo ya samani katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme cha Copenhagen mnamo 1924. Waandishi wa mambo hayo hukihesabu miongoni mwa vyombo vilivyofungua njia ya mtindo unaosifiwa leo katika nyumba za Ulaya, Marekani na Japani: chumba chenye vitu vichache, vyepesi, visivyo na nakshi, kila kimoja kikiwa na kazi yake.

Makala haya yanakusudia kukifuata kiti hicho kinyumenyume, kutoka sebule ya Copenhagen hadi njia ya misafara, kisha kufika katika saloni za Lubumbashi, ambako chenyewe hakikufika. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba wepesi unaosifiwa hapa kama tunda la akili na ladha ulikuwa, kwa sehemu isiyo ndogo, jawabu la swali la kale na la kawaida sana: mtu mmoja aweza kubeba kiasi gani kichwani mwake? Hatusemi kwamba mtindo wote ulitoka huko. Washeka wa Marekani, watu wa dini walioishi kijumuiya, walitengeneza viti visivyo na pambo tangu mwisho wa karne ya 18 kwa sababu za imani yao, na Wajapani walijua kuacha chumba kitupu kabla ya hapo. Lakini tawi hili la safari limesahauliwa, na wenye kulikumbusha hawana budi kuwa sisi.

Tuseme kwanza neno juu ya istilahi. Wazungu huuita mtindo huu minimalizimu, neno lililoenea katika sanaa ya New York miaka ya 1960, kisha likahamia kwenye usanifu wa majengo na samani. Kiswahili hakina neno lililokubalika. "Uhaba" haufai, kwa sababu uhaba ni hali impatayo mtu asiyeitaka. "Upungufu" nao umebeba lawama ndani yake. "Uchache" ni neno la hesabu tu, halina nia. Sisi twapendelea "ukiasi", kutokana na "kiasi", kwa kuwa mtu wa kiasi ni yule awezaye kuzidisha na asizidishe. Tofauti hii ya uhaba na ukiasi si mchezo wa wanaisimu. Nyumba mbili zaweza kuwa na mkeka mmoja, meza moja na viti viwili kila moja, na mpiga picha asione tofauti. Lakini moja ni ya mtu aliyeuza vilivyobaki ili alipe karo ya watoto, na nyingine ni ya mtu aliyelipa fedha nyingi ili chumba chake kionekane kitupu. Neno moja likizifunika nyumba hizo mbili, historia yote imepotea.

KITI CHENYEWE

Kiti cha Klint ni rahisi kukieleza. Kina miguu minne ya mbao iliyochongwa mviringo. Miguu hiyo huunganishwa kwa vijiti ambavyo ncha zake zimechongwa nyembamba, zikaingia katika matundu ya miguu pasipo gundi, pasipo msumari na pasipo skurubu. Mahali pa kukalia na egemeo ni turubai au ngozi iliyowambwa, kama tuwambavyo ngoma au kitanda cha kamba, na mikono ni mikanda miwili ya ngozi. Mtu akikaa, uzito wake mwenyewe hukaza viungo. Akiondoka, viungo hulegea. Kwa kuwa havikugandishwa, kiti hutulia hata juu ya ardhi isiyo sawa, kila mguu ukijitafutia mahali pake. Kukivunja vipande na kukifunga kama mtumba mdogo ni kazi ya dakika chache, wala haihitaji chombo chochote.

Klint hakudai kwamba amekivumbua. Alikuwa akifundisha kwamba mafundi wa zamani walikwisha kutatua matatizo mengi, na kwamba mwanafunzi mwenye akili hupima kazi yao kabla ya kujidai. Kiti cha asili huitwa Roorkhee, kwa jina la mji wa Roorkee huko India, palipokuwa na kambi ya wahandisi wa jeshi la Waingereza. Kilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 19. Maofisa walikwenda nacho katika vita vya Makaburu (1899-1902), na baada ya hapo kikaonekana katika kambi za wawindaji wa Afrika ya Mashariki. Wanahistoria wa samani husimulia kwamba Klint alikiona katika picha za kitabu cha safari cha Martin na Osa Johnson, mume na mke Wamarekani waliopiga filamu za wanyama nchini Kenya katika miaka ya 1920, kisha wakaingia msitu wa Ituri huku kwetu na kutoa filamu yao Congorilla mwaka 1932. Basi kiti kilichozaliwa India kwa ajili ya Waingereza, kikapigwa picha Afrika na Wamarekani, kilibatizwa jina la Kiswahili huko Denmark.

Jina hilo nalo lina safari yake. Sisi tulilipokea kutoka Kiarabu, nalo kwetu ni mwendo wowote: safari ya sokoni, ya matibabu, ya ukweni. Waingereza walilipata hasa kwa kalamu ya Richard Burton, aliyetoka Zanzibar hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859 na kuchapisha habari zake mwaka 1860. Kwao maana ilipunguzwa polepole, ikabaki na hema, bunduki na simba. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliitangaza maana hiyo duniani kote kwa uwindaji wake wa 1909-1910, ulioanzia Kenya na kufika hadi Lado, nchi iliyokuwa bado katika mikono ya Leopold na Wabelgiji. Nyuma yake walikwenda wapagazi zaidi ya mia mbili. Neno lilipofika Copenhagen mwaka 1933 lilikuwa limekwisha kupoteza hata simba. Kilichobaki ni harufu ya ngozi na hewa ya mbali. Wapagazi hawakubaki kabisa.

FRASILA MBILI

Tuwarudishe. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Ujiji, kisha ng'ambo ya ziwa hadi Kasongo na Nyangwe, magari hayakuwapo, na farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, nao walijua hesabu ya kazi yao. Mzigo uliozidi uliletea msafara mabishano ya asubuhi nzima. Hivyo "mzigo" ukawa kipimo, si kitu tu: msafara ulihesabiwa kwa mizigo, na mali ya tajiri iligawanywa kwa mizigo.

Matokeo ya kipimo hicho katika ufundi yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kila chombo kilichotaka kuingia bara kilipaswa kwanza kukubali kugawanywa katika vipande vya kilo thelathini. Mashua ya Stanley, Lady Alice, iliyozunguka maziwa na kuteremka mto wetu kati ya 1874 na 1877, ilitengenezwa kwa vipande vya kubebwa, ikaunganishwa upya majini. Meza isiyovunjika vipande ilikuwa meza isiyosafiri. Kitanda cha kukunja, beseni la turubai, kiti kisicho na msumari: vyote hivyo vilifuata amri moja, na aliyeitoa amri hiyo hakuwa msanifu. Mbao ilipunguzwa unene hadi pale ambapo ikipungua zaidi itavunjika. Nakshi iliondolewa kwa sababu nakshi ni uzito. Gundi iliondolewa kwa sababu kilichogundishwa hakifungiki. Ukivisoma vitabu vya usanifu vya karne ya 20 utaikuta kanuni hiyohiyo, safari hii ikiitwa ukweli wa malighafi.

Njia hiyo ya mizigo ndiyo iliyoleta lugha ambayo jarida hili linaishughulikia. Tippu Tip alipofanya Kasongo kuwa makao yake mwaka 1875, na Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi, alipoitawala Bunkeya hadi kuuawa kwake mwaka 1891, Kiswahili kilifuata wapagazi, hakikufuata vitabu. Watumwa nao walipita humo, wengine wakiwa wamebebeshwa pembe. Hatuna ruhusa ya kuifanya barabara hiyo kuwa hadithi nzuri ya lugha peke yake. Upande wa magharibi, kabla ya reli ya Matadi hadi Léopoldville kumalizika mwaka 1898, mambo yalikuwa yaleyale. Na katika vita vya 1914-1918 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilikusanya wapagazi wanaokadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili.

Katika picha nyingi za kambi za wakati ule, Mzungu ameketi. Waliokileta kiti wamechuchumaa au wamesimama nyuma ya hema. Huko Kongo jambo lilifika mbali zaidi. Chombo kile ambacho Wabelgiji walikiita tipoy kilikuwa kiti kilichobebwa pamoja na mkaaji wake. Kiti cha Roorkhee angalau kilifika kambini kikiwa kitupu.

KUINGIA SEBULENI

Turudi Ulaya, tuone namna chombo cha kambi kilivyogeuka kuwa chombo cha nyumba. Katika karne ya 19 sebule ya tajiri wa Ulaya ilikuwa imejaa: mapazia mazito, makabati yenye maua ya kuchonga, viti ambavyo watu wawili walihitajika kuvisogeza. Yalikuwapo mambo mengine tayari. Kiti namba 14 cha Michael Thonet, cha mwaka 1859, kilikuwa na vipande sita tu vya mbao, skurubu kumi na nati mbili. Viti 36 vya namna hiyo, vikiwa vimevunjwa, viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Hapa pia usafirishaji ndio uliochonga umbo. Lakini Thonet aliuza zaidi kwa mikahawa, na mikahawa si nyumba.

Nadharia ilikuja baadaye, nayo ilikuja na dharau. Adolf Loos, msanifu wa Vienna, alieleza yapata mwaka 1910 kwamba pambo kwa mtu wa kisasa ni sawa na kosa la jinai. Mfano wake wa mtu anayepamba bila hatia ulikuwa Mpapua anayejichora mwili, ambaye Loos alimsamehe kama mtoto anavyosamehewa. Kwa hesabu hiyo, watu wa dunia hupanda ngazi moja, na juu kabisa ya ngazi hiyo hukaa Mvienna katika chumba cheupe. Ingetosha kumwonyesha vigoda viwili vya Waluba. Kigoda cha kawaida hukatwa katika gogo moja, hakina kiungo wala pambo la lazima. Kile cha mfalme, lupona, kimeinuliwa na umbo la mwanamke aliyechongwa kwa ustadi mkubwa, nacho hakikuwa cha kukaliwa kila siku. Kilifungwa katika kitambaa cheupe na kutunzwa mbali na macho. Watu walewale, katika wakati uleule, walijua chombo cha kiasi na chombo cha utukufu, na walijua kila kimoja ni cha nini. Ngazi ya Loos haina mahali pa kuwaweka.

Mwaka 1921, katika shule ya Bauhaus mjini Weimar, kijana Marcel Breuer pamoja na mfumaji Gunta Stölzl walitengeneza kiti cha enzi cha mbao iliyopakwa rangi nyingi na nguo iliyofumwa, kikaitwa "kiti cha Kiafrika". Hakifanani na kiti chochote tukijuacho. Jina lilikuwa la ndoto: Afrika kwao ilimaanisha rangi, ukuu na ukale. Miaka minne baadaye Breuer huyohuyo alikunja mabomba ya chuma, akayawambia vitambaa, akapata kiti cha 1925 ambacho kila kitabu cha samani hukichapisha. Ajabu ya jambo hili ni kwamba kile kilichopambwa ndicho kilichopewa jina la Afrika, hali vile vitupu, vya kuwambwa na kukunjwa, vilivyokuwa vimekwisha kupita katika njia zetu, vilitangazwa kuwa akili mpya ya Ulaya. Le Corbusier, Pierre Jeanneret na Charlotte Perriand walipoonyesha samani zao Paris mwaka 1929, mojawapo ilikuwa kiti chenye egemeo la kubembea na mikono ya mikanda, ambacho wataalamu wengi hukiona kuwa mwana wa kiti cha maofisa wa koloni. Mbao iligeuzwa chuma, nacho hakikuwa tena cha kuvunjwa na kufungwa. Umbo la safari lilibaki baada ya safari kuondolewa.

Klint alikuwa mwaminifu zaidi, maana aliacha jina na aliacha viungo vifunguke. Alikuwa pia na tabia moja iliyozaa matunda makubwa nchini mwake: alipima. Alipima mwili wa mtu akiwa ameketi, na alipima mashati na sahani ili ajue kabati ifaayo kuwa na kina gani. Mwanafunzi wake Børge Mogensen alipewa mwaka 1942 uongozi wa kazi ya samani katika umoja wa vyama vya ushirika vya Denmark, akatengeneza vyombo vya bei ya chini kwa watu wa mshahara. Kiti chake J39 cha 1947 hutengenezwa hata sasa. Katika miaka ya 1950, pamoja na Grethe Meyer, alichunguza ni vitu gani hasa ambavyo familia ya kawaida huwa navyo, kwa idadi na kwa ukubwa, ili makabati yajengwe ukutani na nafasi ya chumba ibaki kwa watu. Tunakiri kwamba twaiheshimu kazi hiyo. Ni nadra kuona wasomi wakiingia nyumbani kwa mfanyakazi ili wamwongezee nafasi.

WAKAGUZI WA NAMNA NYINGINE

Miaka hiyohiyo wakaguzi waliingia pia katika nyumba za Kongo. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza hati ya kuandikishwa, iliyokusudiwa kumkaribisha Mkongomani mchache aliyechaguliwa katika haki fulani za Mzungu. Mwombaji alihojiwa, na nyumba yake ilitembelewa. Kamati iliangalia vyumba, vitanda, jiko, choo. Iliuliza kama familia hula mezani pamoja na kama hutumia uma na kisu. Patrice Lumumba alikataliwa mara ya kwanza, akaipata hati hiyo mwaka 1954. Waliofaulu walikuwa wachache mno kwa nchi ya mamilioni ya watu.

Tuweke ukaguzi huo mbili kando kwa kando. Huko Copenhagen walihesabu vitu ili vipunguzwe. Huku walihesabu vitu ili ijulikane kama vimetosha kumfanya mtu kuwa mtu. Mdenmark aliyeondoa kabati nzito la babu yake alisifiwa kwa ladha. Karani wa Élisabethville ambaye hakuwa na kabati aliandikwa kuwa bado hajaendelea. Hapo ndipo twaona wazi kwamba ukiasi ni anasa ya mtu ambaye utu wake haukaguliwi.

Samani nzito zenyewe zilikuwa na historia fupi katika mji huo. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na kwa reli kipimo cha frasila mbili kilikufa: kabati lisilovunjika liliweza kufika zima. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili mtindo wa ajira, ikawaweka wafanyakazi pamoja na wake zao na watoto kambini kwa miaka mingi, badala ya vijana wa mikataba mifupi. Nyumba ya kambi ilikuwa mali ya kampuni. Mfanyakazi hakuweza kuipanua wala kuiuza. Alichoweza kukiita chake ni kile kilichokuwa ndani yake. Saloni ya Katanga, na fotei zake, meza yake ya katikati, kabati la sahani na vitambaa vilivyofumwa na mama wa nyumba, ilikuwa kwa hiyo mahali pekee ambapo familia iliandika historia yake kwa mikono yake. Katika miaka ya 1970 kuta za saloni hizo zilibeba pia picha za wachoraji wa mji, Mamba Muntu na zile zilizoitwa "Colonie belge", kama walivyoonyesha Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian katika uchunguzi wao wa 1976. Mtu aliketi juu ya fotei yake akiutazama utawala uliokuwa umekagua viti vya baba yake.

Twasema haya kwa sababu ya kicheko tunachokisikia siku hizi. Vijana waliopata kusoma Ulaya, au kutazama tu majarida yake, hurudi na kuiona saloni ya wazazi kuwa imejaa mno, ya kizamani, isiyo na ladha. Wataka kuta nyeupe na kiti kimoja. Wana haki ya kuchagua. Lakini hukumu yao hupitisha bila kujua ile ngazi ya Loos, safari hii wazazi wao wakiwa wamekalia kidato cha Mpapua. Fotei ile nzito haikununuliwa kwa kukosa ladha. Ilikuwa ushahidi mbele ya kamati, na hata baada ya kamati kuondoka mwaka 1960 watu waliendelea kuhifadhi ushahidi, kama watunzavyo risiti ya deni lililolipwa.

Uwezo wa kuuhifadhi haukudumu kwa wote. Katika uporaji wa 1991 nyumba nyingi mijini zilibaki kuta. Mwaka 1992 na 1993 familia za asili ya Kasai zilipofukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi, zilikaa kwa wiki na miezi kwenye vituo vya reli zikingoja treni, na saloni ya miaka thelathini ilipaswa kugawanywa upya katika mizigo ya kichwa. Wakazi wa Goma waliikimbia lava ya Nyiragongo Januari 2002 na tena Mei 2021; godoro, sufuria na mtoto mgongoni, hiyo ndiyo orodha. Hapa chumba ni kitupu kweli, na hakuna mwandishi wa usanifu atakayeuita utupu huo mtindo. Wakati huohuo, kule Marfa, Texas, mchongaji Donald Judd (1928-1994) alikuwa amejitengenezea tangu miaka ya 1970 vitanda na meza za mbao tupu, kwa kuwa madukani hakupata alichotaka. Vitanda vyake vya kwanza vilikuwa vya watoto wake, navyo ni vizuri. Bei ya nakala za samani zake leo huenda ingemshangaza hata yeye.

Kati ya nchi hizo mbili kuna kiti kimoja kinachoingia kote, nacho ni kiti cha plastiki cha kipande kimoja. Mfaransa Henry Massonnet alitoa mwaka 1972 kile kilichoigwa zaidi, baada ya kupata njia ya kukimimina katika muda usiozidi dakika mbili. Hakina kiungo, hakina pambo, kina kilo mbili au tatu, hupangwa kimoja juu ya kingine. Kwa masharti yote ya Loos na ya Klint kingestahili kuwekwa makumbusho, na baadhi ya makumbusho ya samani yamekubali shingo upande. Wenye ladha hukichukia kwa kuwa ni cha kila mtu. Kwetu ndicho kiti cha kilio, cha harusi na cha mkutano wa shule. Hukodishwa kwa dazeni, na hufika kikiwa kimerundikwa kichwani mwa kijana au juu ya baiskeli.

Kazi iliyobaki kwa watu wa Kiswahili ni ya msamiati. Kamusi zetu zimerithi "kiti", ambacho mzizi wake ni ule wa "mti", "meza" kutoka Kireno, "sanduku" kutoka Kiarabu, "kabati" kutoka Kiingereza, na "samani", neno ambalo masikio ya wengi hayalitengi na "thamani". Lakini maneno ya nyumba za Kongo yenyewe, yaani majina ya fotei na sehemu zake, ya vitambaa vya kuifunika, ya godoro la mgeni linalokunjwa asubuhi, ya viti vya plastiki kwa rangi na kwa umri wake, hayajaingizwa mahali popote kwa utaratibu. Mafundi seremala wa Lubumbashi, Bukavu, Kalemie na Kisangani hawayatumii yote kwa namna moja. Mwanafunzi atakayetaka kuandika kazi yake ya lisansi juu ya jambo hili aanze na karakana, kisha aende kwa akina mama, maana wao ndio wajuao kila chombo kiliingia nyumbani mwaka gani, kwa fedha ya nani, na kilitoka kwa mlango upi.